Nafasi Iliyofutwa

Mama mdogo, binamu yake mama yangu, alikuwa mcheza dansi. Tangu mumewe afariki alicheza peke yake, akala peke yake, akabishana na redio. Kwa hiyo jumba la makumbusho lilipomwomba atunge dansi kwa ajili ya maonyesho ya mchoraji mmoja marehemu, alikubali hapo hapo.

Jumatatu hakukuwa na wageni. Saa nne asubuhi alifunguliwa ukumbi afanye mazoezi. Picha zilikuwa tisa, zote za mwanamke mmoja aliyenyoosha mikono kama anayecheza na mtu. Mtu mwenyewe hakuwepo.

"Mimi hizi sizipendi, dada," alisema mlinzi, mama mnene mwenye kucheka ovyo. "Mchoraji alijichora humo akicheza na mkewe. Mke alipokufa, akashika brashi akajifuta. Zote tisa."

"Kwa nini?"

"Eti hakutaka kushikwa na mfu."

Mlinzi akacheka. Mama mdogo hakucheka. Alimwonea huruma yule mwanamke wa pichani. Mikono mitupu aliijua vizuri. Akaamua dansi yake iwe hiyo: kusimama pale alipofutwa mume.

Siku ya tatu ya mazoezi, alijipinda nyuma kupita uwezo wa kiuno chake. Hakuanguka.

"Dada," mlinzi alinong'ona kutoka mlangoni. "Nywele zako zinagusa sakafu."

"Najua."

"Nani amekushika?"

Mama mdogo akainuka polepole, kama anayeinuliwa. Angeweza kuacha siku ile. Lakini ilikuwa miaka sita hajashikwa na mtu. Kesho yake aliwahi kuliko mlinzi.

Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi alasiri. Watu walijaa hadi kwenye ngazi. Alicheza mbele ya picha ya kwanza, ya pili, ya tano, na hakuna aliyekohoa. Mbele ya picha ya tisa, muziki ukaisha.

Yeye hakusimama.

Akazunguka. Akazunguka tena. Watu walidhani ndiyo sanaa yenyewe. Alijaribu kushusha mikono, ikagoma. Kifua kilibanwa. Pumzi ikawa haba.

"Niache," alinong'ona.

Akabanwa zaidi.

"Na mimi nimeachwa," akasema, machozi yakimtoka. "Lakini mimi si mumeo."

Kisha akaachiliwa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, mlinzi alimsaidia kuvua blauzi. Akaitazama mgongoni, akaiweka mezani, akatoka bila kuaga. Palikuwa na alama ya kiganja cha rangi ya buluu, vidole vitano vyembamba.

Mama mdogo hakucheza tena. Blauzi ile aliitundika kabatini, hataki ifuliwe, hataki itupwe. Imepita miaka kumi na minane. Mwezi uliopita mama yangu alikwenda kumsalimia, akaigusa ile alama kwa ncha ya kidole.

Alirudi nyumbani kidole kikiwa cha buluu. Rangi bado mbichi.