Swali Lipi Litangulie

Angèle alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, lakini masikio yake yalikuwa chumbani. Huko mume wake, Mathieu, alipiga sululu mahali anapolala binti yao, Shekina. Shimo lilikuwa limefika magotini. Wengi hapa mtaani Kasulo walichimba hivyo, wakitafuta madini ya kobalti chini ya nyumba zao.

"Tata Shekina, jana ulisema hatuchimbe!" Angèle alimwambia mumewe kwa sauti.

"Jana, ndiyo. Leo nachimba."

"Uko na bongo, unanidanganya!"

"Mi siko na bongo, mama. Yote mbili ilitoka mu roho."

Jirani yao Ernestine, mwalimu wa fizikia, aliingia kuazima kinu. Akamkuta Angèle anafuta machozi, akasikiliza kisa chote cha jana na leo.

"Jana ulianza kumuuliza nini?"

"Ule ukuta wa jirani wenye ulianguka sababu ya kuchimba. Kisha shimo. Akakataa."

"Na leo?"

"Nilianza na masomo ya mutoto. Kisha shimo. Akakubali."

"Basi hakudanganya," Ernestine alisema. "Vitu vidogo sana, vidogo kuliko vumbi, ukivipima vinabadilika. Ukigeuza mpangilio wa vipimo, unaweza kupata jibu lingine. Wataalamu wameazima hesabu ya vitu hivyo ili waelewe watu wanavyoamua."

"Sasa bwana yangu njo vumbi?"

"Na tumbo lile? Hapana! Hesabu tu njo inafanana. Mara nyingi jibu haliko tayari moyoni. Swali ndilo linaliumba, na swali la kwanza linageuza moyo upande wake. Ulizeni kwa kuanza huku, kisha kwa kuanza kule. Musikimbilie ndiyo ao hapana. Lakini ukuta hauulizwi. Ukichimbwa chini, unaweza kuwaangukia."

Angèle akamwita Mathieu, akamfuta vumbi usoni kwa kikwembe alichojifunga.

"Shekina atalala wapi? Atasoma namna gani?" Kisha akayageuza maswali: "Atasoma namna gani? Atalala wapi? Usijibu mbio."

Mathieu akamrudishia swali: "Na weye, mama?"

Angèle alianza na masomo, akarudi kwenye kulala, akayachanganya yote. Wakacheka wote wawili.

"Ndugu yangu wa Mutshatsha analima mahindi," Mathieu alisema polepole. "Anatafuta mutu wa kuyauzisha huku, na ile pesa itasomesha mutoto. Mi nilisahau, juu tulisema shimo, shimo tu."

Akaweka sululu nje, akachukua koleo. Angèle alishika karai. Shekina aliporudi kutoka shuleni, shimo lilikuwa limejaa nusu.

"Papa, unachimba ao unafukia?"

"Nafukia. Leo utalala na mama. Kesho tutamaliza."