Mmea wa Mwisho wa Fundi Saa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwa dobi, Kimya alisimama kidogo jikoni. Jina hilo alipewa na shangazi yake, dada wa baba aliyeishi nao, kwa kuwa maneno yalimtoka kwa tabu, kama uzi mnene kwenye tundu la sindano. Karibu na jiko palikuwa na kopo la rangi, na ndani yake dungusi kakati: mmea mnene wa miiba, usio na majani.

Marehemu baba yake, fundi saa, aliacha mimea ya namna hiyo mitano. Msimu wa baridi wa kwanza baada ya mazishi, miwili ilikufa. Msimu wa pili, miwili mingine. Sasa baridi ilikuwa imerudi, na ulikuwa umebaki mmoja. Mama aliusogeza kwenye jiko upate joto.

"Na huu ukienda," alisema, "nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Asubuhi moja Kimya aliugusa mmea chini. Ukabonyea kama ndizi iliyoiva mno. Kidole kikatoka na maji ya kahawia yenye harufu.

Jirani wa ghorofa ya chini alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Kimya hakuwahi kumgongea mtu mlango. Siku hiyo aligonga.

Jirani alipanda, akalishika kopo kwa gazeti lililokunjwa ili asichomwe.

"Nani anaumwagilia?"

"Mimi," Mama alisema. "Kila Jumatatu, kikombe kimoja tu."

Shangazi alikohoa. "Na mimi Alhamisi. Wifi ana mawazo mengi, nilidhani anasahau."

"Nani kakwambia nasahau?"

"Juzi si ulitia chumvi kwenye chai?"

Jirani alimgeukia Kimya. Kimya akatazama sakafu. Angeweza kunyamaza, alishazoea.

"Mimi kila jioni," alisema. "Kidogo. Nikimkumbuka baba."

Hakuna aliyecheka.

"Haba na haba hujaza kibaba," jirani alisema taratibu. Akalipindua kopo. "Na matundu haya nani kayaziba?"

"Yalikuwa yanalowesha meza," Shangazi alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi mmea wenu unazama. Wakati wa joto hunywa na kuweka akiba mwilini. Baridi ikija, hulala. Ukiumwagilia umelala, mizizi huoza. Nalo jiko huuamsha kabla ya wakati. Uwekeni penye mwanga, pakavu, pa baridi kiasi, ila pasigande barafu."

"Si utanyauka?" Mama aliuliza.

"Utakunjamana kidogo. Kukunjamana si kufa."

Mama akakaa.

"Mume wangu hakuwa akiimwagilia wakati wa baridi," alisema. "Mwaka ule wa mwisho, akiwa kitandani, nilimgombeza. Nikamwambia unaiua kwa kiu. Akasema, 'Iache, imelala.' Nikadhani ni homa inayosema."

Jirani alisafisha kisu kwa maji ya moto, akakata sehemu iliyooza, kipande baada ya kipande, akikifuta kisu kila mara, hadi nyama ya ndani ikawa safi bila doa. Kilichobaki kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba.

"Kikae kivulini hadi kidonda kikauke na kufunga. Kisha kiwekeni juu ya mchanga mkavu wenye kokoto, kopo likiwa na matundu, karibu na dirisha. Msikitie maji hadi baridi iishe."

"Hata tone?"

"Hata tone, Shangazi."

"Basi nifungeni mikono."

Ile miezi ilikuwa mirefu. Kipande kilikunjamana kama uso wa mzee. Mara mbili Kimya alimkuta Mama amesimama dirishani, kikombe mkononi.

"Umelala, Mama," alimwambia. Mama akakirudisha kikombe.

Joto liliporudi, Kimya alikitikisa kipande polepole. Hakikutoka. Kilikuwa kimeshika mchanga. Na juu yake palikuwa na nundu ndogo ya kijani, yenye miiba laini kama nywele za mtoto.

Aliita kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. Shangazi alileta maji, akampa wifi yake. Mama akamimina kidogo, akangoja hadi maji yakatoka chini ya kopo. Kikombe akakitundika msumarini. Tangu siku hiyo anayekishusha huwaambia wenzake kwanza, na huugusa udongo aone kama umekauka.

Mama aliigusa ile miiba michanga kwa ncha ya kidole.

"Haikuwa homa," alisema.