Vigingi vya Bi Sichana

Nyumbani kwao mjini, mtaa wa Mlandege, Tamima alijulikana kwa kujibu haraka. Mama yake akiuliza kutoka jikoni, "Tamima, umeshatandika kitanda?" jibu lilifika kabla swali halijamalizika: "Nshatandika." Kisha ndipo Tamima alipokwenda kutandika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto mwenye moyo mwema na asiyechoka kutumwa, ila ulimi wake ulikuwa na haraka kuliko miguu. Mara nyingi aliwahi kuyatimiza aliyoyasema kabla hajagunduliwa, kwa hiyo hakuona kama ana kosa lolote.

Ilipofika likizo ya Disemba, baba yake, Bwana Amour, alirudi kutoka kwenye duka lake la mapazia akiwa amebeba hema. Alilinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarejea kwao. Tangu ujana wake Bwana Amour alitamani kulala hemani pwani, na sasa alilitandaza hema lake sebuleni huku akitabasamu peke yake. Mkewe, Bi Arwa, alilitazama hema, kisha akamtazama mumewe.

"Nyumba tunayo, vitanda tunavyo," alisema. "Tukalale mchangani, tumefanya dhambi gani?"

"Usiku mmoja tu, mama Tamima. Watoto watafurahi."

"Watoto au wewe?"

Bwana Amour alicheka, akakiri kwamba na yeye yumo. Bi Arwa alijifanya kununa siku nzima, lakini jioni alionekana jikoni akikaanga sambusa za safari.

Walipanga kwenda Bwejuu, upande wa mashariki wa kisiwa chao, kwa Bi Sichana. Bi Sichana ni mama yake Wakil, kijana anayeshona mapazia dukani kwa Bwana Amour. Nyumba yake iko karibu na bahari, na mbele yake pana mchanga mweupe na miti michache ya mivinje. Alikubali wageni wapige hema hapo, ingawa alimuuliza mwanawe kwenye simu kama bosi wake amefukuzwa nyumbani.

Asubuhi ya safari kila mtu alikuwa mbioni. Gari ya jirani ilikuwa inasubiri nje, na Samir, mdogo wake Tamima, alikuwa na kiatu kimoja mguuni na cha pili hakionekani. Tamima alikuwa amepiga magoti anakitafuta chini ya kochi.

"Tamima," aliita baba yake.

"Naam, Baba."

"Vigingi vimo?"

Hema lile lilikuwa na vigingi sita vya chuma vya kupigilia chini ili upepo usilibebe. Vilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa kijani, na Tamima ndiye aliyekabidhiwa.

"Vimo," alisema Tamima, mkono wake ukiwa bado chini ya kochi. Hakutazama.

Walifika Bwejuu maji yakiwa yamekauka mpaka mbali. Bi Sichana alitoka baharini kuwapokea, kanga yake imerowa mpaka magotini.

"Shikamoo, Bi Sichana," walisema watoto.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Nyie ndio mnaokuja kulala nje na nyumba ipo?"

Bi Arwa alicheka na kumwambia kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza mwenye akili aliyekutana naye wiki nzima. Tangu hapo wanawake wale wawili wakawa upande mmoja.

Bi Sichana aliwachukua watoto kuwaonesha shamba lake la mwani. Kwenye mchanga uliorowa, vigingi vya mti vilikuwa vimepangwa kwa mistari. Kila kamba ilifungwa kigingi huku na kigingi kule, na kwenye kamba yalining'inia mafungu ya mwani, mengine ya kijani, mengine ya kahawia.

"Huu umeshakomaa," alisema Bi Sichana, akiushika mwani wake kwa upole. "Kesho kutwa navuna. Jiko langu linavuja tangu masika iliyopita, na pesa za mavuno haya ndizo zitakazoliezeka. Nshamwambia fundi aje."

Samir aliuliza kama mwani unaliwa. Bi Sichana alimwambia ajaribu. Samir alijaribu, akatema, na Bi Sichana alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Tamima alimpenda bibi huyo papo hapo.

Waliporudi, Bwana Amour alikuwa amezama ndani ya kitambaa cha hema, anahangaika na fito zake.

"Tamima, nipe vigingi," alisema kutoka humo ndani.

Tamima alifungua mkoba. Mlikuwa na sambusa, taulo, tochi na kitabu cha Samir. Mfuko wa kijani haukuwamo. Alikumbuka ulipo: umening'inia nyuma ya mlango wa jikoni, Mlandege. Kama angesema, baba yake angevunjika moyo, na safari yote ingeharibika kwa sababu yake.

"Nnakuja navyo," alisema.

Alitembea mpaka ukingoni mwa shamba la mwani. Bi Sichana alikuwa ameshaingia ndani kupika. Tamima alivitazama vile vigingi vya mti, vingi, vyote vimesimama. Akafungua ncha ya kamba moja, akaifunga kwenye kigingi cha jirani, kisha akaking'oa kile kilichobaki kitupu. Kigingi cha jirani sasa kilibeba kamba mbili, na kilionekana kizima tu. Alifanya hivyo mara sita. Alijiambia kwamba kesho maji yakitoka atavirudisha vyote, na hapatakuwa na aliyeharibikiwa.

"Hivi si vile vya chuma," alisema baba yake alipovipokea.

"Vya chuma havishiki mchangani, Baba. Hivi nimeviokota pwani."

Bwana Amour alimtazama kwa furaha. "Akili nzuri hiyo, mwanangu. Mimi nisingefikiria."

Tamima aliinama akajifanya anakung'uta mchanga miguuni. Hata wali na mchuzi wa pweza wa Bi Sichana, ambao Samir alirudia mara mbili, yeye aliula bila hamu.

Walikuwa hawajamaliza kuosha vyombo mawingu yalipojikusanya upande wa bahari. Mvua za vuli zilikuwa bado hazijaaga. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na upepo ulikuja nayo, kwanza wa kupeperusha kanga, baadaye wa kuinamisha mivinje. Familia nzima ilikimbilia hemani. Mvua ikaanza kupiga kitambaa kwa kelele hata ikabidi wasemeshane kwa sauti ya juu. Hema lilijikunja, likanyanyuka, likavutika huku na huku, lakini halikung'oka.

"Mnaona?" alisema Bwana Amour, macho yakimng'aa. "Vigingi vya mwanangu vimeshika."

Samir alipiga makofi. Tamima alitazama mikeka.

Mara walisikia sauti nje. "Hodi humo ndani."

"Karibu, Bi Sichana," alijibu Bi Arwa.

"Nikaribie wapi, hapo hata paka hapati pa kukaa? Tokeni, twendeni nyumbani. Kwangu panavuja jikoni tu."

Walitoka mmoja mmoja. Bi Sichana alikuwa amejifunika gunia kichwani, na kanga kavu aliyoificha chini ya gunia alimfungia Samir. Bi Arwa aliitazama bahari iliyokuwa imegeuka rangi.

"Na mwani wako je, Bi Sichana? Mawimbi hayo ni makubwa."

"Mwani wangu hauna neno. Vigingi nimevipigilia kwa mkono wangu wiki hii hii, kila kamba na viwili vyake. Pepo kama hizi zimeshanipita nyingi."

Alisema kwa utulivu, akageuka kurudi nyumbani. Tamima alisimama kwenye mvua. Alijua kwamba papo mahali ambapo kigingi kimoja kinabeba kamba mbili zilizojaa mwani mzito, na mawimbi yanazivuta. Alijua pia kwamba akinyamaza hakuna atakayemuuliza. Kesho watakuta kamba zimekwenda na maji, watasikitika, na wote watasema ni upepo. Hata Bi Sichana mwenyewe atasema ni upepo. Jambo hilo ndilo lililomtisha Tamima kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa rahisi sana.

"Bi Sichana," aliita. "Si kila kamba ina viwili vyake."

Bibi aligeuka. Tamima alilisema lote kwa pumzi moja: vigingi sita, kamba alizozihamisha, mahali alipovitoa, uongo aliomwambia baba yake. Masikio yalimuwaka kwa haya na machozi yalichanganyika na mvua.

"Vile vya chuma viko wapi?" aliuliza baba yake.

"Mlandege, nyuma ya mlango wa jikoni. Uliponiuliza asubuhi sikutazama."

Bwana Amour aligeuka nyuma. Alilitazama hema lake, lililokuwa bado limesimama, halafu akainama akaking'oa kigingi cha kwanza yeye mwenyewe. Aliking'oa cha pili na cha tatu. Alipofika cha mwisho upepo uliingia ndani ya hema, ukalinyanyua na kulitupa kwenye matawi ya mivinje, likanasa huko juu. Bi Arwa alikuwa tayari amemkimbiza Samir barazani, amemwambia asinyanyue mguu, na anarudi.

"Haya, nioneshe ni wapi," alisema Bi Sichana. Hakukasirika wala hakutabasamu. Hapakuwa na wakati.

Maji kwenye shamba yalikuwa yamefika magotini. Tamima alisimama ufukweni, mama yake amemshika mkono barabara, akaelekeza kwa kidole. "Hapo. Na hapo pembeni. Na safu ya mbele yake." Kigingi kimoja kilikuwa kimeshang'oka na kamba zake mbili zinaelea. Vingine vilikuwa vimelala ubavu. Bwana Amour alipigilia vigingi kwa jiwe, mawimbi yakimpiga kifuani kila alipoinama, na Bi Sichana alikamata kamba na kuzifunga moja moja kwa vidole vilivyozoea. Kamba moja iliwaponyoka kabisa. Walipofunga ya mwisho, maji yalikuwa yanafika kiunoni, na Bi Sichana akamvuta Bwana Amour kwa mkono kumrudisha pwani.

Mvua ilipopungua, wote watano walikusanya mwani uliotupwa ufukweni na kuujaza kwenye magunia. Samir alifanya kazi kwa bidii na safari hii hakuuonja. Bi Sichana aliyapima magunia kwa macho, akasema kilichopotea ni kidogo, na fundi wa jiko aje tu.

Jioni walikaa jikoni kwake, sufuria mbili zikikinga maji ya paa, wanakunywa chai ya tangawizi. Bwana Amour alikuwa amevaa shuka la Wakil na Bi Arwa hakuweza kumtazama bila ya kucheka. Tamima alimsogelea Bi Sichana.

"Nisamehe, Bi Sichana. Na wewe, Baba, unisamehe. Hema lako limechanika."

"Hema litashonwa," alisema baba yake. "Mimi nashona mapazia, mwanangu. Ila ungeniambia mapema kwamba vigingi tumevisahau, tungelala hapa ndani, tukacheka, yakaisha. Ulisema 'vimo' bila ya kutazama, ikabidi ulilinde neno lile kwa uongo mwengine, kisha kwa kuchukua cha mtu. Sikutegemea ufike huko. Lakini leo umenyanyua kichwa ukasema mbele yetu sote, na hilo nimelipenda."

Tamima alilia tena kidogo. Bi Sichana alimkalisha karibu yake na kummiminia chai nyingine, akaweka sukari zaidi kuliko ambavyo Bi Arwa angeruhusu.

"Nikwambie kitu, mwanangu," alisema. "Kusamehewa ungesamehewa tu. Ungekuja kesho ukanambia, ningekusamehe. Ungekuja hata mwakani, ningekusamehe, mimi sina moyo wa kuweka kinyongo kwa mtoto. Lakini mwani nisingekuwa nao. Wewe umesema kweli maji yakiwa magotini, ndiyo maana imenisaidia. Ungengoja yafike shingoni, kweli yako ingekuwa ile ile, na mimi ningebaki na jiko linalovuja."