Rangi ya Kitenge cha Mama

Kila siku akitoka shule, Makrina alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akavua sare, akawasha jiko la mkaa na kubandika maharage. Kazi zikiisha, nyumba ilianza kuwa kubwa. Alisikia watoto wa jirani wakicheza rede nje, lakini hakutoka. Alikaa sebuleni na kusubiri mlio wa pikipiki ya baba yake.

Baba huyo, Dunstan, alikuwa bwana shamba. Walihamia Nachingwea mwanzoni mwa mwaka 2003 wakitokea Mbinga, na tangu hapo alishinda Mtua, Kiegei na kwingineko akikagua mikorosho ya watu. Alirudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Alikula, akauliza, "Umesoma?" kisha akalala. Hakuwa baba mbaya hata kidogo. Maneno tu ndiyo yaliyomwishia tangu mkewe Serafina alipofariki, Makrina akiwa na miaka minne. Sasa Makrina alikuwa na kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo habari za mama hazikuzungumzwa.

Umeme ulipokuwapo, Makrina aliweka kanda kwenye deki na kuwasha televisheni. Ilikuwa kanda ya sherehe ya kumpongeza shangazi yake, Laurencia, alipomaliza masomo. Muziki ulifunika sauti zote. Katikati ya kanda mama alipita na sinia la wali, akageukia kamera, akacheka, akaenda zake. Ni hapo tu alipoonekana. Makrina alirudisha kanda nyuma na kumtazama tena na tena.

Tatizo lilikuwa rangi. Televisheni ile ilikuwa kuukuu, na kila mtu ndani yake alionekana kijani. Siku moja Makrina alijipa moyo akamwalika Shadya, msichana aliyeketi naye dawati moja, ili amwonyeshe mama yake. Shadya alitazama, akaangua kicheko.

"Ee! Mbona mama yako kijani kama embe bichi?"

Hakukusudia ubaya, lakini Makrina aliumia. Alizima televisheni, akasema kichwa kinamuuma. Baada ya hapo hakumwalika mtu yeyote. Wakati wa mapumziko alisimama peke yake ukutani, akijifanya anasoma.

Jioni moja wakiwa wanakula alisema, "Baba, tupeleke tivii kwa fundi."

"Imekufa?"

"Haijafa. Rangi zake mbaya."

"Picha unaiona?"

"Naiona."

"Sauti unaisikia?"

"Naisikia."

"Sasa fundi wa nini?"

Makrina alitazama sahani yake. "Mama anaonekana kama mgonjwa," alisema.

Dunstan aliweka tonge chini. Kisha akasema, "Jumamosi tutaipeleka."

Jumamosi ilipofika walifunga televisheni kwa blanketi na kuipakia kwenye baiskeli ya jirani yao, Mzee Mikidadi. Makrina alibeba deki na kanda. Mzee Mikidadi mwenyewe aliisukuma baiskeli yake, na njia nzima hakuacha kuchokoza.

"Bwana shamba, niambie vizuri, labda sijaelewa. Tivii inasema, inaonyesha, halafu unakwenda kuilipia? Huku kwetu tunalipia iliyokufa!"

Dunstan alitabasamu kidogo tu. Pesa iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa ya tairi la pikipiki, na hata Mzee Mikidadi alijua kuwa tairi la zamani limekwisha kabisa.

Fundi Rahimu, aliyekuwa na kibanda karibu na soko, aliiwasha televisheni, akaitazama, akakuna kidevu.

"Nisikudanganye, bwana shamba. Hii ni nzima. Kupanga rangi ni kazi ndefu, na bei yake si ndogo. Ukirudi nayo nyumbani hivi ilivyo, itaendelea kukuonyesha taarifa ya habari bila wasiwasi."

"Umesikia!" Mzee Mikidadi alidakia. "Fundi mwenyewe anakukataza!"

Dunstan alimtazama binti yake. Makrina alikuwa ameikumbatia ile kanda kifuani. Alijua kuwa wakirudi nyumbani hivyo hivyo, baba hatakubali kuja tena.

"Ifanye," Dunstan alisema.

Rahimu alifungua kifuniko cha nyuma na kumpa Mzee Mikidadi kioo kikubwa akishike mbele ya televisheni. Kwa njia hiyo, yeye aliyekuwa nyuma na bisibisi yake angeweza kuiona picha kiooni. Waliweka kanda, wakaisimamisha pale mama alipogeuka kucheka.

"Haya," alisema Rahimu. "Nahitaji rangi moja ya kweli, nyingine zitaifuata. Majani ya miti kwenye picha hayanisaidii, yako kijani vyovyote vile. Kitenge cha huyu mama kilikuwa rangi gani?"

Dunstan alitikisa kichwa. "Siku hiyo nilikuwa kazini, na hicho kitenge sikuwahi kukiona, labda alikiazima. Makrina ndiye aliyekuwapo."

Wote watatu walimgeukia. Makrina alijaribu kukumbuka. Alipata moshi wa kuni, akapata mikono iliyombeba. Rangi hakuipata. Aliogopa sana. Baba ataonaje akijua kuwa amesahau? Ataona kuwa hakumpenda mama yake.

"Bluu," alisema.

Rahimu alizungusha bisibisi. Kijani kikaondoka, kitenge kikaanza kuwa bluu, lakini uso wa mama ukageuka zambarau.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika. Bluu iliyokoza."

Rahimu akaongeza. Midomo ya mama ikawa myeusi, macho yakazama. Sasa alionekana mgonjwa kuliko mwanzo. Hata Mzee Mikidadi aliacha utani.

Rahimu alijaribu tena kwa muda mrefu, kisha akaweka bisibisi chini. "Basi, tuache. Nitairudisha ilivyokuwa, na sitachukua chochote. Kitenge cha bluu na uso wa mtu havikubaliani hapa. Labda kanda imeharibika."

Dunstan aliinama kuchukua blanketi. Makrina aliona kuwa mambo yanaishia hapo, na kwamba yanaishia hapo kwa sababu yake. Alijikaza, lakini machozi yalimtangulia.

"Sikumbuki!" alisema kwa sauti kubwa. "Kitenge sikikumbuki. Nimesema tu. Hata uso wake naujua wa kwenye tivii tu. Nimemsahau mama!"

Dunstan aliliacha blanketi, akachuchumaa mbele yake. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaona simpendi."

Baba alimfuta machozi kwa kiganja chake kigumu. Halafu akasimama, akachukua kigoda cha fundi, akakiweka kando ya televisheni.

"Kaa hapa," alimwambia. Kisha akamgeukia Rahimu. "Kitenge sikijui, fundi, lakini uso wake naujua. Huyu mtoto ni rangi ya mama yake hasa, tangu anazaliwa kila mtu alisema hivyo. Linganisha na huyu."

Rahimu alirudi nyuma ya televisheni. Mzee Mikidadi alisogeza kioo, na Makrina akaona ndani yake nyuso mbili, wake na wa mama, bega kwa bega. Bisibisi ilizunguka taratibu. Zambarau ikapungua kwenye mashavu ya mama. Ukaja weusi mwororo wenye wekundu kwa mbali, kama ule aliouona kila asubuhi akinawa. Mwishowe nyuso zote mbili zikawa rangi moja.

Na kitenge kilikuwa cha njano, chenye maua ya kahawia.

"Kumbe kilikuwa cha njano," Dunstan alisema.

"Mlipe mtu pesa yake, bwana shamba," alisema Mzee Mikidadi polepole. "Hiyo pikipiki tutaisukuma."

Dunstan alilipa. Kisha akaketi chini, karibu na kigoda cha binti yake.

"Makrina, ulikuwa mdogo mno. Kusahau si kosa. Lakini ulipotuambia bluu, fundi aliifuata bluu yako, na kila alichogusa kikazidi kumharibu mama yako. Uliposema hukumbuki, ndipo tulipoanza kumpata. Siku zote ukiwa hujui jambo, sema hujui, na walio nawe watakusaidia kulitafuta." Alimshika mkono. "Na mimi nimekukosea. Nilikaa kimya, nikakuacha umtafute mama peke yako. Kuanzia leo, uliza chochote."

Makrina alifikiri. Katika kanda kulikuwa na muziki tu.

"Alikuwa ananiitaje?"

Dunstan alisimama. Kisha pale pale kibandani, mbele ya fundi na Mzee Mikidadi, akaita kwa sauti ya juu, akivuta mwisho wa jina kama mwanamke anayemwita mtoto aliye mbali uwanjani: "Makrinaaa!"

"Abee!" Makrina akaitika.