Kibao cha Saba

Kibao cha saba cha marimba kilianza kulia chenyewe siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana, wanamuziki wote wakiwa nje wanapunga upepo. Ndoo! Mara moja tu, kisha kimya. Mpiga ngoma akachungulia chumba cha mazoezi, akasema, "Panya huyo anajua muziki kuliko mimi." Watu wakacheka. Chiriku hakucheka.

Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukai kimya. Akipiga vibrafoni, ile marimba ya vibao vya chuma, na yeye huimba chini kwa chini. Lakini tangu wifi yake, dada wa mumewe, aache kupiga marimba, mdomo ulikuwa umemkauka.

Maana ni yeye aliyemwachisha, nakwambia. Kikundi kilikuwa kinatafuta kiongozi, na kila mtu alijua atakuwa wifi. Adhuhuri moja Chiriku akajifungia humo chumbani, akakipindua kibao cha saba cha marimba ya wifi, akakikwangua kwa tupa upande wa chini, kwaru, kwaru, kidogo tu. Unga wa mbao akaupuliza dirishani. Watu wa marimba wanajua: ubao ukikwanguliwa katikati, sauti inashuka, na kilichotoka hakirudi. Basi siku ya onyesho, mbele ya wageni, kibao kikatoa sauti kama ya mtu mwenye matumbwitumbwi. Wageni wakaangua kicheko. Mwalimu wa kikundi akasema, "Mama, masikio yako yamechoka, husikii hata kibao kimeshuka." Wifi akaweka vijiti chini. Uongozi akapewa Chiriku.

Wiki hiyohiyo wifi akaanza kuumwa kiganja. Hakuna uvimbe, hakuna jeraha, ila mkono unakonda kwa chini siku hadi siku, kama kuna mtu anaupunguza.

"Wifi, ninakwanguliwa," alinong'ona, Chiriku akimkanda kwa maji ya moto. "Mfupa wenyewe. Nasikia mpaka kwenye meno."

"Ni baridi tu, wifi yangu."

"Baridi gani hii, mwenzangu? Mungu akuzidishie, mke wa kaka. Bila wewe nani angenihangaikia?"

Chiriku akainamia beseni, uso usionekane.

Kile kibao kinacholia chenyewe, wanamuziki wakakitoa kwenye fremu, wakakifunga kitambaa, wakakifungia kabatini. Kikalia humohumo. Ijumaa, saa tisa, jua limejaa dirishani, Chiriku akaingia peke yake kufanya mazoezi, akasikia harufu ya mti mbichi uliokatwa sasa hivi, akaona vipepeo, vile visahani vinavyozungushwa kwa umeme ndani ya mabomba ya vibrafoni, vinazunguka, na waya wa umeme umelala sakafuni haujachomekwa popote, vinazunguka polepole na kutoa pumzi, hu, hu, kama mtu aliyelala, mpaka pumzi ikageuka maneno, na maneno yakatoka bomba moja hadi jingine yakimjia yeye: "Nyama yangu iko wapi? Nitaichukua kwa mwenye marimba, kidogo kidogo, mpaka itoshe."

Alitoka mbio bila viatu, akamfuata fundi aliyeichonga ile marimba.

Fundi alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akafungua kitambaa, akakipindua kibao mbele ya kikundi kizima, na wifi akiwamo, akapitisha kidole gumba.

"Hii si tupa yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Mti huu ulikuwa na jini wake. Mimi kabla sijaukwangua namtajia jina langu, namwomba radhi, ajue anayempunguza ni nani. Aliyekikwangua hiki hakujitaja. Kwa hiyo jini anamla mwenye marimba."

"Si umfukuze, fundi!" mwalimu akamsihi.

"Atoke aende wapi, na hapa ndipo kwake? Aliyekwangua akishike kibao hiki, aseme mwenyewe. Jini atamwachia huyu mama, amwendee yeye."

"Na asiposema?"

"Mkono ukiisha, kuna bega."

Wifi alikuwa kitini, mkono kifuani, akimtazama Chiriku kama mgonjwa anavyomtazama mtu wake.

Chiriku akakichukua kibao. Kilikuwa cha moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. "Nimekukwangua mimi, Chiriku," akasema. "Mke wa kaka yake huyu mama."

Wifi akafumba vidole, akavifumbua. Havikuuma.

"Ulikuwa unanikanda huku unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, wifi."

"Usiniite hivyo." Akainuka, akavifuata vijiti vyake.

Chiriku akarudi nyuma mpaka mlangoni. Hapo ndipo mkwaruzo ulipoanza ndani ya kiganja chake, kwaru, na tena, kwaru. Akakifumba kiganja kwa nguvu zake zote, si kwa kutaka maumivu yaishe, bali yasije yakamponyoka yakarudi kwa wifi.