Kitabu Nyuma ya Vitabu vya Sheria

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kuanika sare yake ya shule, Damaris alishika njia ya maktaba ya umma mjini Homa Bay. Alipapenda pale kupita kiasi, hata ukali wa Madam Mellen, mkutubi, haukumtisha.

Muhula huo wanafunzi wa Gredi ya Saba walitangaziwa mashindano ya insha kuhusu historia ya maktaba yenyewe. Kitabu kilichoieleza kilikuwa kimoja tu, na hakikuruhusiwa kutoka nje. Jumamosi hiyo alikuwa nacho Mourine, msichana wa Rangwe. Mourine alipokiacha mezani akawahi gari la nyumbani, Damaris alikidaka. Akaona akikirudisha rafuni, wengine watakisoma na kumshinda. Basi akakichomeka nyuma ya vitabu vinene vya sheria, ambavyo hakuna aliyevigusa. Alijiona mjanja kweli, maskini!

Wiki iliyofuata alimkuta Mourine mlangoni, macho mekundu. Kitabu kilikuwa kimetafutwa kila pembe kikakosekana, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekiomba mwisho, Madam Mellen alikuwa amemwambia asiingie tena mpaka kipatikane. Kwao Rangwe hakukuwa na maktaba.

Damaris aliketi, akafungua daftari, asiandike hata neno moja. Angeweza kujifanya amekiokota tu, akasifiwa. Lakini Mourine angebaki na jina la mwizi. Akainuka, akaenda kwa mkutubi.

"Madam, Mourine hana kosa. Nilikificha mimi."

Madam Mellen hakugomba. Alikitoa kitabu pale Damaris alipomwonyesha, akakifuta vumbi, kisha akaenda mlangoni kumwomba Mourine msamaha mbele ya wote. Damaris naye akaomba, akilia. Mourine akamwambia avute kiti wasome pamoja.

Madam Mellen aliwafungulia ukurasa wa kwanza, penye picha ya ghala kuukuu na sanduku moja la vitabu.

"Maktaba yetu ilianzia hapa," alisema. "Watu walitoa vitabu vyao wenyewe majumbani ili mtoto wa yeyote asome. Ukificha kimoja, Damaris, umewanyima watu wengi usiowajua. Lakini umesema kweli mwenyewe, na kweli hiyo imemrudisha mwenzako ndani. Sasa someni, halafu vile vitabu vya sheria utavipangusa wewe."

Damaris alivipangusa vyote, kwa furaha.