Kliniki Isiyohitaji Galoni

"Wapangaji wote wa jumba hili wanaarifiwa kwamba, kuanzia tarehe mosi Agosti, mablanketi na mashuka yataanikwa upande wa kushoto wa paa pekee. Ni agizo la meneja."

Nyakio, msichana wa miaka kumi na miwili, alilisoma tangazo hilo kila asubuhi ya likizo alipopanda paani na karai la nguo. Wiki hiyo alikuwa amelianika shuka la mama yake mara tatu. Mtaa mzima wa Ngara, jijini Nairobi, ulikuwa ukitetemeka kwa baridi, lakini kila kulipokucha shuka hilo lilikuwa limelowa jasho.

Hapo ndipo alipoanza kushuku. Miaka mitatu iliyopita mama yake, Annah, muuzaji wa vifungo na zipu, alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe katika tezi ya adrenali, tezi ndogo iliyo juu ya figo. Uvimbe huo ulikuwa ukimpandisha presha, ukimuumiza kichwa na kumtoa jasho jingi. Daktari alimruhusu kwenda nyumbani kwa sharti moja: arudi kliniki kila mwaka, maisha yake yote, kwa kuwa uvimbe wa namna hiyo huweza kurudi kimyakimya.

Mwaka wa kwanza Mama alirudi. Nyakio aliikumbuka galoni ya maabara: kwa saa ishirini na nne Mama alikusanya humo mkojo wake wote, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwaka wa pili galoni haikuonekana. Sasa Mama alikuwa ametangaza kwamba kesho yake angeenda kliniki Hurlingham, na galoni haikuwepo tena.

"Labda siku hizi wanapima kwa njia nyingine," alisema Debra, rafiki yake wa ghorofa ya pili.

"Mkojo wa siku nzima ataubebea wapi? Kiganjani?"

"Wewe nawe! Unamchunguza mama yako kama polisi."

"Polisi wangekuwa wameshachoka," Nyakio alijibu.

Siku iliyofuata Mama alirudi kabla ya saa sita, na mfuko wa ndizi mkononi.

"Daktari amesemaje?"

"Kila kitu kiko sawa."

"Mama, naomba niione kadi ya kliniki."

Mama aliuweka mfuko wa ndizi mezani, kisha akaitoa kadi. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miaka miwili iliyopita.

"Nilikuwa kwa shangazi yako Ciru, kule Muthangari," alisema hatimaye. "Nyakio, nilisimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kwamba nimepona kabisa. Watu waliimba. Mama Kibe wa kwaya anafanya kazi mkabala na kliniki. Akiniona kwenye foleni, nitaitwa mwongo."

"Na hapa nyumbani unaitwaje?"

"Chunga mdomo wako!"

"Samahani, Mama. Lakini shuka lako ninalianika mimi. Na kichwa je?"

Mama aliinama. "Kinagonga," akakiri. "Tangu Juni."

Wiki hiyohiyo galoni ilirudi bafuni. Daktari Awiti wa kliniki alipima presha, damu na mkojo, kisha akaagiza picha ya tumbo. Uvimbe mdogo ulikuwa umeota tena, ila ulikuwa umeonekana mapema. Mama alianzishiwa dawa za presha, na tarehe ya upasuaji ikapangwa.

"Mama Nyakio," daktari alisema baada ya kusikia kisa chote, "hakuna anayekukataza kumshukuru Mungu. Uliyoyasema kanisani yalikuwa kweli siku ile, lakini hayathibitishi hali yako mwaka huu. Afya hutangazwa baada ya kupima, wala haitangazwi mara moja kwa maisha yote. Tena ukimdanganya mtoto, muda ambao angekusaidia ataumaliza akikuchunguza."

Upasuaji ulifaulu. Alipopata nguvu, Annah aliiandikia kamati ya kanisa. Aliomba aruhusiwe kuwaeleza waumini kwamba ushuhuda wake ulikuwa na pengo, na kwamba mtu aliyepasuliwa hana budi kurudi kliniki, hata akijiona mzima.

Kamati ya watu saba ilikutana kwa saa mbili. Iliamua kwa kauli moja kwamba ushuhuda wa awali ubaki kwenye kumbukumbu kama ulivyotolewa, bila nyongeza, na kwamba kuanzia sasa hakuna ushuhuda utakaozidi dakika tatu.